Gari Dogo Nalo Lina Jasho Lake



Wiki chache zilizopita, baada ya mkutano wa tawi letu hapa Gisenyi, mzee mmoja wa kiwanda cha bia aliniuliza swali kwa kicheko. Alisema: "Katibu, nasikia siku hizi chama kinatetea watoto wanaochezea magari ya waya. Je, mwezi ujao mtatetea na wanaorusha tiara?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri, maana niliona kwamba sikumjibu. Nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nimjibu mbele ya wote, kwa sababu nadhani hakuwa peke yake katika mawazo yale.

Kila mmoja wetu aliyekulia hapa, awe upande wa Rubona karibu na kiwanda, awe kwenye vilima vya chai vya Pfunda, awe ng'ambo ya mpaka kule Goma, anaijua kazi hii. Unatafuta waya, unaunyoosha kwa jiwe, unaukunja kwa koleo, unapata mifupa ya gari. Unakata kopo la maziwa au debe la mafuta, unapata milango na paa. Magurudumu ni vizibo vya chupa za bia au vipande vya kandambili zilizochakaa. Tunaounda magari haya si Wanyarwanda peke yetu. Watoto wa Malawi huyaita galimoto. Zambia wanayo, Zimbabwe wanayo, Kenya na Tanzania wanayo. Na Goma wanaunda pia chukudu ndogo za mti, mfano wa zile kubwa zinazobeba magunia ya viazi na makaa, ambazo mji ule uliziheshimu hata ukamjengea mwendeshaji wake sanamu ya rangi ya dhahabu.

Mtoto huunda kile anachokiona kinapita. Mimi nilizaliwa kabla kidogo ya mwaka 1980. Tulipokuwa wadogo tuliunda lori la kubebea makreti na gari la Volkswagen la mgongo wa kobe. Baada ya mwaka 1994, barabara zilipojaa magari meupe ya misaada, watoto waliunda magari meupe, na bati lake lilitoka katika madebe yaleyale ya mafuta ya misaada. Siku hizi wanaunda pikapu ya polisi yenye taa juu ya paa, gari la wagonjwa, na basi la kwenda Kigali. Mtu akitaka kujua historia ya barabara yetu, angeweza kuisoma katika magari ya watoto.

Hadi hapo ni mchezo, na chama hakina la kusema juu ya mchezo. Mtoto aliyetoka shule, aliyekula, akakaa kivulini na koleo la babake, mwacheni aunde. Mikono yake inajifunza kazi. Tangu Juni 2018 magari ya kweli yanaunganishwa Kigali na kampuni ya Volkswagen, na vijana wanaoshika spana pale walianza mahali fulani. Pengine walianza na waya.

Jambo langu linaanzia pale mchezo unapogeuka kuwa kazi, na anayeifanya haitwi mfanyakazi.

HABARI YA MAGARI 40

Nitawaeleza niliyoyaona kwa macho yangu. Sitataja jina la mtu wala la duka, maana shabaha yangu ni kueleza jambo, si kumwaibisha mtu.

Kuna kijana wa miaka 23, mtoto wa mama mchuma chai. Alikosa kazi ya mshahara, akarudia ufundi wake wa utotoni. Pikapu zake ni nzuri kweli. Milango inafunguka, usukani unageuza magurudumu, na ubavuni ameandika herufi zilizonyooka. Mwaka mmoja alikuja mfanyabiashara anayewauzia wageni wanaotembelea ziwa, akamwambia: "Niundie pikapu za polisi 40, zote sawasawa. Kila moja nitakupa faranga 3,000." Hawakuandikiana. Walipeana mikono tu.

Kijana alifurahi. Alihesabu 40 mara 3,000, akaona 120,000. Alikopa pesa ya waya, bati na rangi, jumla 31,000. Akaona peke yake hataweza, akawaita wadogo zake wawili. Mmoja alikuwa na miaka 17. Wa mwisho alikuwa na miaka 14, naye aliacha shule kwa wiki zile. Walifanya kazi wiki 5, siku 6 kila wiki. Hizo ni siku 30.

Kwa kuwa mvua ilikuwa ya kila siku, rangi waliipakia ndani ya chumba, usiku, mlango umefungwa na dirisha limezibwa ili vumbi lisiguse gari. Walitumia rangi ya magari iliyobaki gereji, wakaichanganya na dawa ya kuyeyushia. Usiku wa tatu yule mdogo alianza kutapika na kuanguka. Mama yake alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, baada ya kutwa nzima ya kuchuma chai. Mungu ni mkubwa, alipona. Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mlikuwa mnapumua nini?"

Siku ya kukabidhi ikafika. Mfanyabiashara aliyapanga magari mezani, akayatazama, akasema 17 hayafai. Mengine ni marefu kuliko mengine, na rangi ya bluu si moja. Akalipa 23 tu, faranga 69,000. Kijana akarudi nyumbani na magari 17 katika gunia. Baada ya siku kumi, mwenye deni la waya alipombana, alirudi kwa mfanyabiashara kuomba. Akaambiwa: "Basi, kwa kukusaidia, nipe kwa 1,000 kila moja." Akampa. Kesho yake nilipita pale. Niliyaona yale 17 yamepangwa pamoja na yale 23, na yote bei yake ni ileile, faranga 10,000.

Sasa tufanye hesabu, maana mfanyakazi asiyehesabu huhesabiwa. Alipokea 69,000 na 17,000, jumla 86,000. Toa 31,000 za vifaa, zinabaki 55,000. Watu watatu kwa siku 30 ni siku 90 za kazi. Gawanya: faranga 611 kwa mtu mmoja kwa siku. Hapo sijatoa gharama ya kituo cha afya, wala masomo ya wiki 5 ambayo hayarudi. Na magari yote 40 kwa bei ya duka ni faranga 400,000.

Najua mfanyabiashara naye ana kodi ya chumba, ana ushuru, na ana miezi ambayo wageni hawaji. Sisemi achukue bure. Lakini gari moja limekula zaidi ya siku mbili za mtu mmoja, na aliyeliunda amepata mkononi chini ya faranga 1,400, na hizo ni za kugawana. Ndugu zangu, kama jambo hili lingetokea kwenye mizani ya majani ya chai, sote tungesimama. Kwa nini tunakaa kwa sababu ni gari la waya?

DUNIANI KAZI HII NI YA KIWANDA

Wenzangu wengine hudhani magari madogo ni upuuzi wa watoto. Wajue kwamba katika nchi nyingine kazi hii imelisha maelfu ya familia, na imekuwa na migomo na misiba yake kama viwanda vyote.

Kule Liverpool, Uingereza, kampuni ya Meccano ilianza mwaka 1934 kutengeneza magari madogo ya chuma yaliyoitwa Dinky Toys. Yalikuwepo ya kila aina, pamoja na ya polisi, na watoto wa dunia nzima waliyajua. Novemba 1979 wafanyakazi wa kiwanda kile waliambiwa ghafla kwamba kiwanda kinafungwa, waondoke. Mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokaa pale miaka mingi. Hawakuondoka. Walikikalia kiwanda kwa muda wakidai haki yao. Kiwanda hakikufunguliwa tena, lakini nchi nzima ilijua kwamba nyuma ya kigari cha mtoto palikuwa na mwanamke mwenye watoto wa kulisha.

Baadaye kazi hiyo ilihamia Asia, ambako mishahara ilikuwa midogo. Tarehe 10 Mei 1993, kiwanda cha vitu vya kuchezea cha Kader karibu na Bangkok, Thailand, kiliungua moto. Walikufa wafanyakazi 188, wengi wao wasichana. Milango mingine ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na jengo lenyewe lilikuwa dhaifu, likaanguka. Walikuwa wakitengeneza wanasesere wa kwenda Ulaya na Marekani. Vyama vya wafanyakazi vya dunia havijaisahau siku hiyo.

Na kuhusu rangi: mwaka 2007 kampuni kubwa ya Mattel ya Marekani ililazimika kuyarudisha kutoka madukani magari madogo zaidi ya laki nne, mfano wa jipu la jeshi, kwa sababu rangi yake ilikuwa na risasi. Si risasi ya bunduki, ni ile madini. Ikiwa kampuni yenye maabara ilikosea, sisi tunaochota rangi katika kopo lisilo na jina, usiku, mlango umefungwa, tunafanya nini?

RANGI

Hapa naomba kila mzazi asikilize, hata kama hajali habari za chama.

Madini ya risasi hutiwa katika rangi nyingine ili zing'ae na zikauke upesi. Mara nyingi hupatikana katika rangi ya njano na nyekundu, na katika rangi za zamani za magari na za vyuma. Mtoto akitia gari mdomoni, au akipumua vumbi la rangi inayopigwa msasa, madini yale huingia mwilini na kukaa. Huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Nayo dawa ya kuyeyushia rangi ina ubaya wake: mvuke wake hulevya, huumiza kichwa, na katika chumba kilichofungwa huweza kumuangusha hata mtu mzima. Tena karibu na taa ya mafuta au mshumaa, mvuke huo huwaka moto.

Kwa hiyo mafundi tulikubaliana haya, na nayaandika ili mwingine ayatumie:

Kwanza, nunua rangi ya maji, yenye maandishi ya mtengenezaji kwenye kopo, iliyoandikwa kuwa haina risasi. Rangi isiyo na jina usiipokee hata kwa bure.

Pili, paka nje au barazani penye upepo. Kama mvua inanyesha, ngoja. Mteja asiyeweza kungoja mvua ipite, atafute mvua nyingine.

Tatu, osha bati kwa sabuni ili mafuta yatoke, lisugue kwa msasa likiwa limelowa maji ili vumbi lisiruke, likauke kabisa. Paka rangi ya kwanza nyepesi ya kushikia, kisha rangi yenyewe mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Rangi nzito mara moja hutiririka na kuficha kazi yako yote.

Nne, anza na rangi nyeupe, maliza na rangi nzito. Pale unapotaka mstari unyooke, bandika karatasi ya gundi, paka, kisha ibandue rangi ikiwa haijakauka sana. Herufi ziwe za mwisho.

Tano, kunja kingo zote za bati ndani. Mtoto wa mteja ana vidole kama mtoto wako.

Sita, rangi zote za oda moja zichanganywe katika chombo kimoja siku moja. Kile kisa cha bluu mbili kilitokana na makopo mawili.

KIPIMO

Kisa kingine kilikuwa urefu. Mfanyabiashara alisema magari hayalingani, na katika hilo, kusema kweli, alikuwa na haki. Kijana alikuwa akipima kwa jicho. Jicho la fundi ni zuri kwa gari moja, kwa magari 40 linachoka.

Tulikaa tukatafuta njia. Jioni moja tulichukua futi kamba tukapima pikapu ya kweli. Tulipata urefu wa sentimita 528 na kimo cha sentimita 180. Katika nchi za Ulaya waundaji wa magari madogo hutumia vipimo vinavyojulikana, kwa mfano moja kwa 43, moja kwa 24, moja kwa 18. Maana yake ni rahisi: sentimita moja ya gari dogo ni sentimita 24 za gari kubwa. Basi tukagawanya kwa 24. Urefu ukawa sentimita 22, kimo kikawa sentimita 7 na nusu.

Kisha mmoja wetu, mfanyakazi wa kiwanda cha bia, akatoa kizibo cha chupa mfukoni, akakipima. Upana wake ni karibu sentimita 3. Zidisha mara 24, unapata 72. Akaenda akapima gurudumu la pikapu, akakuta tofauti ni ndogo sana. Watu walipiga makofi. Miaka yote watoto wa Gisenyi wamekuwa wakitia vizibo kwenye magari ya ukubwa ule kwa sababu macho yao yaliona kwamba vinafaa, na hesabu imekuja kuwaunga mkono. Nani atasema hawa si mafundi?

Sasa kijana ana ubao wenye misumari iliyopigwa kwa kipimo. Anakunja waya kufuata misumari, na kila gari linatoka sawa na lililotangulia. Kazi ya siku mbili imepungua ikawa karibu siku moja. Jambo hili hakufundishwa na mtaalamu kutoka mbali. Lilitoka kwa mchuma chai, mfungasha bia na fundi wa waya waliokaa meza moja. Huo ndio umoja wenyewe.

JUU YA GARI LA POLISI

Lilitokea neno jingine katika mkutano. Ndugu mmoja alisema: "Kama tutawasaidia mafundi hawa, wasiunde magari ya polisi. Waunde matrekta na malori, vitu vya wafanyakazi."

Namheshimu ndugu huyo, lakini sikubaliani naye. Fundi huunda kinachonunuliwa, na mtoto huunda kinachopita. Kumchagulia fundi gari la kuunda ni kujifanya mwajiri wake. Tena, aliye ndani ya pikapu ile naye ameondoka nyumbani asubuhi, naye ana zamu ya usiku, naye ana mtoto anayengoja kalamu. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unaozungumzia uhuru wa kuunda vyama, umeacha suala la polisi na majeshi liamuliwe na sheria ya kila nchi, na katika nchi nyingi hawana chama kama sisi. Lakini kutokuwa na chama hakumfanyi mtu asichoke.

Mimi nilitoa ushauri mmoja tu kwa mafundi: nembo ya serikali si pambo la kuchezea. Kabla ya kuiandika ubavuni, nendeni kituoni mkaulize kwa adabu. Walikwenda. Walirudi wakicheka, wakasema askari aliyewapokea aliitazama pikapu kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mtu anaweza kuagiza moja kwa ajili ya mtoto wake.

JE, CHAMA KINAHUSIKA?

Sasa narudi kwa mzee wangu wa kiwanda cha bia. Swali lake la haki ni hili: chama ni cha wenye mkataba na mshahara, kwa nini kiingie katika kazi za barazani?

Jibu la kwanza ni la sheria. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018, namba 66, haikuwasahau wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Inawataja katika mambo ya usalama na afya kazini, na katika haki ya kuunda vyama. Sheria hiyohiyo inasema umri wa kuajiriwa ni miaka 16, na mtoto wa miaka 13 hadi 15 aruhusiwe kazi nyepesi tu katika kujifunza ufundi. Mtoto wa miaka 14 kupaka rangi usiku katika chumba kilichofungwa si kujifunza ufundi. Nalo Shirika la Kazi Duniani mwaka 2015 lilitoa Pendekezo namba 204, linalozitaka nchi ziwatoe wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi gizani na kuwaingiza katika ulinzi wa sheria. Sheria ipo. Isipobebwa na watu hubaki karatasi.

Jibu la pili ni la nyumbani. Huyo kijana ni mtoto wa nani? Ni mtoto wa mwanachama. Mama yake anakatwa mchango wa chama kila mwezi. Mshahara wake wa chai ndio uliolipa deni la waya, ndio uliolipa kituo cha afya. Mlanguzi alipomnyonya mtoto, alinyonya mshahara ambao chama kiliupigania. Unawezaje kuziba tundu la mbele la debe na kuacha la nyuma, ukasema nachota maji?

Jibu la tatu ni la kesho. Wengi wetu tunafanya kazi za msimu au za siku. Leo una kadi ya kiwanda, mwakani mashine imekuja, unarudi barazani. Siku hiyo utakuwa wewe ndiye fundi wa sekta isiyo rasmi, na utatafuta mtu wa kusema kwa ajili yako. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kuna waliosema pia kwamba tukiwasaidia mafundi, tutawavuta watoto waache shule. Hoja hii ni nzito, na sikuidharau. Lakini kilichomtoa yule mtoto shuleni si waya. Kilichomtoa ni bei ndogo. Kama kakake angelipwa bei ya haki, asingehitaji mikono ya mtoto. Bei mbaya ndiyo huita watoto kazini, katika magari, katika chai, na katika machimbo. Kwa hiyo katika masharti yetu tumeandika wazi: mwanakikundi atakayemtumisha mtoto saa za shule atatoka katika kikundi. Mtoto akitaka kukaa pembeni Jumamosi akajifunza kukunja waya, akae, bila oda na bila usiku.

MAOMBI YANGU

Napendekeza mambo matano yajadiliwe katika matawi yote, si Gisenyi tu.

1. Mafundi wa magari ya waya, bati na mti wajiandikishe kama kikundi chini ya chama, na baadaye wafanye ushirika wao kwa sheria. Mmoja mmoja watapangiwa bei. Kumi pamoja watapanga bei.

2. Kila oda iandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: idadi, kipimo, rangi, bei, siku ya kukabidhi, na sehemu ya malipo ya mbele isiyopungua gharama za vifaa. Mfano wa kwanza utiwe sahihi na pande zote mbili, uwekwe kama shahidi. Aliyekataa gari kwa ubovu asiliuze kama zima.

3. Bei ihesabiwe kwa vifaa na siku za kazi, si kwa huruma ya mnunuzi. Andika vifaa, andika siku, zidisha siku kwa ujira ambao wewe mwenyewe ungekubali ukiwa kibarua, ongeza kidogo cha kununua koleo jipya. Chini ya hapo, usiuze.

4. Chama kitenge mchango mdogo kununua rangi salama kwa pamoja, kwa bei ya jumla, na mafundi wairudishe pesa wanapouza. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Kila fundi ajiandikishe katika bima ya afya, na aweke akiba ya uzeeni katika mpango wa Ejo Heza, ulioanzishwa mwaka 2018 kwa ajili hasa ya watu wasio na mshahara wa kila mwezi. Macho yanayokunja waya mdomo kwa mdomo hayatakaa makali milele.

Ndugu mzee wa kiwanda cha bia, nimekujibu. Uliuliza kama mwezi ujao tutatetea wanaorusha tiara. Nami nasema: siku atakapokuja mtu akaagiza tiara 40, akalipa 23, akazipata 17 kwa bei ya kutupa, na mtoto akaanguka kwa mvuke wa gundi, naam, siku hiyo tutatetea na wao.

Tena nina ombi dogo kwako na kwa wenzako wa kufungasha. Vizibo vilivyopinda, vile ambavyo kiwanda huvitupa, ombeni kwa msimamizi ruhusa ya kuvikusanya, kwa maandishi, ili mtu asiitwe mwizi. Kijana anavihitaji 4 kwa kila gari, na kimoja cha akiba nyuma.

Ameshapata oda mpya. Safari hii imeandikwa, bei ni 6,000, na nusu imelipwa mbele. Mdogo wake yuko shuleni.

Umoja ni nguvu. Tusilale.